Kutoka neno la mteja hadi namba ya fundi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karakana yetu ni ndogo, iko mjini Mombasa, na kazi inayotulisha ni kubuni na kuunda mashine za sokoni: za kukuna nazi, za kukamua miwa, rukwama za wauza maji. Maswali yaliyo hapa yanahusu kutafsiri mahitaji ya mteja yawe sifa za kiufundi zinazopimika, na tumeyasikia kwa mafundi wenzetu, kwa vijana wanaokuja kujifunza kazi, na kwa watu wenye wazo zuri la bidhaa wasiojua waanzie wapi. Mfano utakaorudi rudi ni mashine ya kukuna nazi. Ndiyo iliyotufundisha zaidi, na ndiyo iliyotuaibisha zaidi.

Mteja si ameshasema anachotaka? Tafsiri ya nini tena?

Amesema, lakini amesema kwa lugha ya kazi yake. Mama wa sokoni akikwambia anataka mashine "imara", huenda maana yake ni kwamba isitikisike juu ya meza, au isife katikati ya Ramadhani, au mtoto akiigonga isianguke. Fundi akisikia "imara" anawaza chuma kinene. Anaongeza unene, mashine inakuwa na uzito wa jiwe la kusagia, na meza bado inatikisika kwa sababu kilicholegea kilikuwa miguu.

Hitaji ni kile ambacho bidhaa inapaswa kumfanyia mtu, kwa maneno yake mwenyewe. Sifa ya kiufundi ni kitu cha kupima, kiasi chake na kizio chake: milimita, kilo, sekunde, desibeli. Sifa isiyoweza kufeli jaribio si sifa bado. "Iwe nyepesi" haifeli popote, kila mtu atasema yake ni nyepesi. "Isizidi kilo 23" inaweza kufeli, kwa hiyo inafaa. Hiyo 23 sikuiokota njiani: taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, imeifanya msingi wa kanuni yake ya unyanyuaji, mzigo wa juu kabisa pale hali zote zinapokuwa nzuri. Sokoni hali si nzuri, kwa hiyo sisi tunalenga chini ya hapo.

Mteja akija na suluhisho mkononi je? "Nitengenezee yenye mota ya farasi mbili."

Mheshimu, andika, kisha uliza kwa nini. Usiulize kama polisi, uliza kama mtu anayetaka kujifunza. Mara nyingi jibu linakuwa: "Ile ya kwanza ilikuwa ya farasi moja, ikawa yakwama jioni." Jioni tu? Naam, jioni tu. Hapo hitaji limejitokeza, nalo si farasi mbili. Jioni kila nyumba imewasha taa na pasi, na umeme kwenye mwisho wa laini unashuka. Mota za kawaida zetu hupoteza nguvu ya kuzungusha kwa mraba wa volti: ukipata volti 200 badala ya 240, unabaki na takriban asilimia 69 ya nguvu ile. Anachohitaji ni mashine isiyokwama umeme ukiwa hafifu. Mota kubwa ni njia mojawapo, kubadilisha puli ni nyingine, na kutoa ule waya mwembamba wa kuazima umeme kwa jirani ni ya tatu na ndiyo rahisi kuliko zote.

Nimhoji wapi, na niwahoji wangapi?

Pale anapofanyia kazi, wakati wa kazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa nasema kuinama kwelikweli: chuchumaa uone sinia linakaaje chini ya mashine, waya umepita wapi, maji ya nazi yanamwagikia nini. Mtu ukimwita ofisini na kumpa soda atakujibu kwa adabu, na adabu haijengi mashine.

Kuhusu idadi, Abbie Griffin na John Hauser walichapisha utafiti mwaka 1993 ulioonyesha kwamba mahojiano 20 hadi 30 ya mtu mmoja mmoja yanatosha kufichua asilimia 90 hadi 95 ya mahitaji ya kundi moja la wateja. Sisi hatufiki 30 kila mara. Tukifika kumi na mbili hivi na wa mwisho watatu hawajaongeza jipya, tunaanza kuchora. Lakini wawe watu wa aina tofauti. Kumi na mbili wa kibanda kimoja ni kama mtu mmoja mwenye sauti kubwa.

Tupe mfano wa tafsiri iliyokwenda kombo.

Huu ni wetu wenyewe, simsingizii mtu.

Mashine zetu za mwanzo zilipotoka, mama mmoja wa soko la Kongowea alituagiza yake kwa sharti moja: "Fundi, nataka ya haraka." Nikafurahi. Haraka ni kitu cha kupimika! Nikabadilisha puli, nikaongeza mota, nikapima kwa saa ya simu sekunde zinazotumika kukuna kifuu kimoja, na nikaandika kwenye karatasi kwamba tumezipunguza. Namba ilikuwa nzuri na rangi ya mashine ilikuwa nzuri. Nikampelekea kabla ya mwezi mtukufu.

Siku ya tano ya Ramadhani akanipigia. Hakugomba. Alisema tu: "Mwanangu, mashini yako yakuna upesi, alhamdulillahi. Lakini foleni yangu ni ile ile. Njoo uone."

Nikaenda baada ya alasiri, nikakaa juu ya kreti la soda mpaka karibu na adhana ya magharibi. Kukuna ndiko kulikokuwa kufupi kuliko yote. Muda ulikuwa unaliwa kwingine. Mnunuzi anachagua nazi, anaitikisa sikioni asikie maji. Nazi inapasuliwa kwa mgongo wa panga, maji yanakingwa kikombeni. Vifuu viwili vinakunwa, haya, dakika haijaisha. Kisha mama anainama mpaka chini, analitoa sinia chini ya mashine, analigonga mara tatu, na nazi iliyonasa kwenye pembe za kuchomelea anaikwangua kwa kidole cha shahada, pembe moja baada ya nyingine, kwa sababu mteja anatazama na hakubali chembe ya nazi yake ibaki. Anamimina kwenye bakuli la mteja, anarudisha sinia, anainuka akishika kiuno. Nilimhesabia: kuinama na kukwangua kulizidi kukuna.

Zile pembe nilizichomelea mimi, kwa mkono wangu, na nilijivunia jinsi zilivyonyooka.

Tulipoandika upya, "haraka" ikawa hivi: muda kutoka mnunuzi kukabidhi nazi hadi kupokea bakuli lake. Chini ya hapo zikaja sifa ndogo: sinia lisiwe na pembe ya ndani yenye mviringo wa chini ya milimita 10, litolewe kwa mbele likiwa usawa wa kiuno, na masinia yawe mawili ili moja likimiminwa jingine liko kazini. Kasi ya mota tuliirudisha chini. Mashine ya pili ilikuna polepole kuliko ya kwanza, na foleni ikaenda.

Maneno ya mteja niyaandike vipi?

Kama alivyoyasema. Usiyasafishe. Na usikimbilie kuyageuza Kiingereza. Vijana wa vyuo wanaokuja kwetu wana tabia hiyo: wanasikiliza Kiswahili, daftarini wanaandika Kiingereza, na wakirudi karakana nusu ya maana imebaki sokoni. Mama akisema "kasimile isiwe na uchafu wa kifuu," ukaandika kwa Kiingereza "usafi", umeshapoteza kwamba anazungumzia tui la kwanza, lile zito, linaloonyesha kila chembe ya kahawia. Uchafu anaousema si vijidudu. Ni ganda jembamba la kahawia lililo kati ya nyama ya nazi na kifuu, ambalo meno ya mashine yakienda ndani mno hulikuna pamoja.

Weka safu mbili kwenye karatasi. Kushoto neno la mteja, kulia sifa. Ya kushoto haifutwi hata ya kulia ikibadilika mara kumi.

Sasa, neno linageukaje namba? Hapo ndipo ninapokwama.

Kila mtu hukwama hapo. Hila ninayoitumia ni kuuliza: mteja atajuaje kwamba hili limetimia? Atatazama nini, atagusa nini, atahesabu nini? Jibu la swali hilo ndilo kipimo chako, au ni ndugu yake wa karibu. Chukua maneno matano tuliyoyasikia wenyewe.

"Nazi iwe nyeupe." Atajua kwa kutazama sinia. Kwa hiyo jaribio letu ni la macho: vikunwe vifuu 20 vya nazi zilizokomaa, na mkunaji awe mgeni wa mashine ile, asiwe fundi wetu mzoefu. Visizidi viwili vyenye chembe za kahawia zinazoonekana kwenye sinia jeupe mchana. Ungeweza kununua kifaa cha kupima rangi. Sisi tuna jua la Mombasa.

"Isishike kutu." Neno hili hapa kwetu ni zito kuliko bara, maana hewa yenyewe ina chumvi, na nazi ina maji na mafuta yake. Ukiandika "stenlesi" tu hujaandika kitu. Stenlesi iliyozoeleka, daraja 304, ina kromiamu karibu asilimia 18 na nikeli karibu 8. Daraja 316 imeongezwa molibdenamu asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayostahimili chumvi vizuri zaidi, kwa bei ya juu. Upepo wa bahari huitia 304 madoa ya kahawia, ingawa kuoza haraka haiozi. Kuna jaribio la kimataifa la ukungu wa chumvi, ISO 9227, ambamo sampuli hunyunyiziwa maji yenye asilimia 5 ya chumvi ya kawaida katika nyuzijoto 35. Ni zuri kwa kulinganisha chuma na chuma au rangi na rangi. Lakini usimwambie mteja kwamba saa kadhaa za ukungu ni sawa na miaka kadhaa ya Mombasa, kwa sababu hakuna hesabu ya moja kwa moja kati ya hayo mawili. Sisi huongeza jaribio la kimaskini: vipande vilivyopimwa uzito tunavitundika ukutani upande wa bahari, na kila mwezi tunavitazama. Na cha kwanza kushika kutu mara nyingi ni bolti, kwa sababu sahani ilinunuliwa kwa uangalifu na bolti zikaokotwa kwenye kopo.

"Iwe rahisi kuosha." Kipimo ni muda na vifaa: kufungua meno na sinia bila spana, kuosha, kurudisha, ndani ya dakika tano, na mtu aliyeonyeshwa mara moja tu. Hili lina kaka yake asiyetajwa: ataimwagia maji. Utamwambia asimwage, atamwaga. Kwa hiyo kasha la mota lihimili maji. Kiwango cha kimataifa cha vifaa vya umeme, IEC 60529, kina misimbo ya kinga dhidi ya maji: IPX4 ni maji ya kurukia kutoka kila upande, IPX5 ni maji ya mpira yanayoelekezwa. Tulianza na 4. Tulipoona mpira wa bomba umefungwa karibu na kila kibanda, tukapanda hadi 5.

"Isipige kelele." Desibeli, umbali wa mita moja, mashine ikiwa kazini na nazi ndani, isiwe inazunguka tupu. Kumbuka desibeli hazijumlishwi kama shilingi: kuongeza 3 ni kuzidisha nguvu ya sauti mara mbili, ingawa sikio huhisi ukelele mara mbili pale zinapoongezeka kama 10. Kwa hiyo ukipunguza desibeli moja usimwambie mteja umefanya kazi. Hataisikia.

"Isinikate." Kwa hili sina mzaha. Mkono wa mkunaji uko sentimita chache kutoka kwenye meno yanayozunguka, na kifuu kikiteleza kidole ndicho kinachofuata. Tuliandika sifa mbili. Meno yasimame ndani ya sekunde moja baada ya mguu kutoka kwenye kanyagio, na kidole cha majaribio chenye kipenyo cha milimita 12 na urefu wa milimita 80 kisifike kwenye mkanda wala puli kutoka upande wowote. Hicho kidole kimetoka kwenye kiwango kile kile cha IEC, ambako kimewekwa kwa ajili ya umeme. Sisi tulikichonga kwa mti na kukitumia kwa kila tundu.

Namba zenyewe nazitoa wapi? Nisije nikabuni.

Nunua au azima mashine za wengine zilizoko sokoni, uzipime kwa vipimo vile vile. Ukishajua wapinzani wako wako wapi, weka namba mbili kwa kila sifa: ile ambayo chini yake bidhaa haiuziki, na ile unayoitamani. Katikati ya hizo mbili ndipo utakapopatana na mfuko wako.

Na kwa urefu na vimo, pima watu. Majedwali ya vimo vya wanadamu yapo, lakini mengi yalipimwa kwa wanajeshi wa nchi za mbali. Tulipotafuta urefu wa meza tulichukua futi ya ushonaji tukawapima viwiko wanawake wa vibanda vyenyewe, wakiwa wamevaa kandambili za kazi. Walicheka sana. Tukapata namba.

Nyumba ya ubora ni nini? Ni lazima?

Ni jedwali. Mahitaji yamepangwa kushoto, sifa za kiufundi juu, na katika kila chumba zinapokutana unaandika uhusiano una nguvu gani: 9 kwa mkubwa, 3 kwa wa kati, 1 kwa mdogo, na tupu kama haupo. Kila hitaji lina uzito wake kwa jinsi wateja wanavyolithamini. Unazidisha, unajumlisha kwenda chini, na sifa yenye jumla kubwa ndiyo ya kushughulikiwa kwanza. Juu kuna pembetatu kama paa, inayoonyesha sifa zipi zinasaidiana na zipi zinagombana. Ndiyo maana ikaitwa nyumba.

Asili yake ni Japani. Yoji Akao alianza kuzungumzia njia hii ya kupanga ubora miaka ya 1960, na mwaka 1972 majedwali ya ubora yakatumika kwenye karakana ya meli ya Mitsubishi mjini Kobe. Ukitazama vizuri ni jambo la kueleweka: meli huundi mia ukajifunza kwa makosa, kosa unatakiwa ulione kwenye karatasi. Wamarekani wengi waliisoma kupitia makala ya John Hauser na Don Clausing ya mwaka 1988, ambayo mfano wake ni mlango wa gari.

Maoni yangu: kwa karakana ndogo, mahitaji manane na sifa kumi zinatosha. Niliwahi kuona jedwali la mradi mmoja lililojaa ukuta mzima, mahitaji zaidi ya sitini, na hakuna aliyethubutu kulisoma tena baada ya siku ya kulibandika. Faida ya nyumba hii iko kwenye mabishano ya kuijaza. Mstari wa hitaji ukiwa mtupu, hitaji hilo hujalijengea kitu. Nguzo ya sifa, ile inayoshuka chini, ikiwa tupu, unalipia sifa ambayo hakuna aliyeiomba. Tulipoijaza ya nazi, nguzo iliyokuwa tupu ilikuwa "rangi ya kung'aa". Fundi wetu wa rangi hakutusemesha siku mbili.

Mahitaji yakigombana nimsikilize nani?

Yatagombana, hiyo ndiyo kazi. Mota kubwa haikwami, lakini ina uzito, ina kelele, na inakula tokeni za umeme. 316 hustahimili kutu zaidi, lakini bei inapanda mpaka mama anakwenda kununua ile ya chuma cheusi ya jirani. Usikate shauri kimyakimya kwenye karakana. Rudi kwa wateja na chaguo mbili zenye bei: "Hii ya kilo 19 ya shilingi kadhaa, au ile ya kilo 22 ya shilingi kadhaa." Watu hujibu vizuri wakiona vitu viwili kuliko wakiulizwa "wapenda nyepesi?" Nani hapendi?

Kwa upande wa chuma tuligawanya: 316 panapogusa nazi na maji yake, pamoja na bolti zote, na fremu ya chuma cha kawaida kilichotiwa zinki. Kuchanganya vyuma vya aina mbili penye unyevu wa chumvi kuna hatari yake, kile kinyonge huliwa haraka kinapogusana na cha stenlesi. Basi kati yao huwekwa washa ya plastiki. Hiyo nayo ikaandikwa kuwa sifa.

Na yale ambayo mteja hakuyasema?

Haya ndiyo yanayoua bidhaa. Noriaki Kano, Mjapani, pamoja na wenzake mwaka 1984 waliyagawa mahitaji kwa namna iliyonisaidia sana. Yapo yanayotarajiwa kimyakimya: yakiwepo hakuna anayekushukuru, yakikosekana hakuna anayekusamehe. Yapo yanayokwenda kwa mizani, kadiri unavyoongeza ndivyo anavyofurahi. Na yapo asiyoyawaza kabisa, ukimpa anashangaa na kufurahi.

Hakuna mama hata mmoja aliyetwambia "isinirushe umeme." Ni hitaji la aina ya kwanza, halitajwi kwa sababu halifikiriki. Mikono yake imelowa maji ya nazi, miguu iko kwenye sakafu iliyolowa. Kwa hiyo waya wa ardhi, na swichi ya kukata umeme unapovuja kwa milliampea 30, viliingia kwenye karatasi bila kuombwa, na havimo kwenye orodha ya kupunguziwa bei. Cha aina ya tatu kilikuwa kidogo mno: kikombe cha kukingia maji ya nazi, kilichoning'inizwa ubavuni. Kinatugharimu senti, na ndicho wanachokionyesha wageni.

Ila tahadhari, aina hizi huhama. Kikombe kile sasa kila mtu anakitarajia.

Mteja ni nani hasa? Anayelipa, au anayetumia?

Wote, na wengine zaidi. Mwenye kibanda analipa, mkunaji anaitumia, mnunuzi wa nazi anaisubiri, fundi wa mtaani ataifungua siku itakapoharibika. Huyu wa mwisho husahauliwa. Hana beringi ya ajabu uliyoagiza nje, ana zile zinazouzwa Mwembe Tayari. Basi sifa mojawapo: kila sehemu inayochakaa ipatikane kwenye maduka ya kawaida ya mjini, na ibadilishwe kwa spana zisizozidi mbili.

Inchi, milimita au geji?

Milimita. Najua bomba linauzwa kwa inchi na bati kwa geji, yaani namba ya unene, na dukani semeni hivyo hivyo mtaelewana. Lakini kwenye karatasi, hapana. Geji 16 ya Kiingereza ni milimita 1.63, ya Kimarekani ya chuma ni kama 1.52, na ya muuzaji wako siku nyingine ni ile aliyobaki nayo. Andika 1.5, andika na tofauti inayoruhusiwa, nenda na kipimo chako. Mwaka 1999 chombo cha anga cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vizio vya pauni na nyingine ikazipokea kama nyutoni. Wale walikuwa na wanahesabu wa kutosha.

Je, nikifuata viwango vya serikali si inatosha?

Haitoshi, lakini anzia hapo. Uliza mapema kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, ni kiwango gani kinahusu bidhaa yako, kabla hujakata chuma. Kiwango kinakueleza bidhaa isimdhuru mtu. Hakikwambii kama foleni itaisha.

Njia hii yafaa kwa vitu vingine?

Yafaa. Msukuma rukwama wa maji alituambia: "Nataka isinivute kwenye mteremko." Madumu 20 ya lita 20 ni kilo 400 za maji. Kwenye mteremko wa moja kwa kumi, mzigo huo unamsukuma kwa nguvu ya takriban nyutoni 390, sawa na kushikilia kilo 40 zisianguke, na rukwama yenyewe hatujaihesabu. Kwa hiyo sifa ilikuwa breki inayoshikilia rukwama iliyojaa kwenye mteremko huo bila mkono wa mtu. Alichokuwa akitumia ni kipande cha tairi alichokiburuza nyuma.

Nitajuaje kwamba tafsiri yangu imekosewa kabla sijaunda?

Soma safu ya kulia kwa aliyesema ya kushoto. Bila vizio, kwa maneno: "Kwa hiyo mama, ukitoa mguu inasimama kabla hujasema bismillahi. Ndivyo?" Atakurekebisha palepale. Kisha unda cha mbao au cha boksi, kipelekwe kibandani hata kama hakizunguki. Urefu, kimo, mahali pa sinia, vyote hujulikana bila mota. Kupima kama mashine imefikia namba ni jambo moja, kupima kama namba zilikuwa sahihi ni jingine. La pili hufanyika sokoni tu. Ile mashine yetu ya haraka ilifaulu kila jaribio la karakana.

Karatasi ya sifa iwe na kurasa ngapi?

Yetu ya nazi ni kurasa mbili, imebandikwa juu ya mashine ya kutobolea na ina alama za grisi. Mistari ni 27. Ishirini na sita ina namba upande wa kulia. Mmoja, wa mwisho, kushoto umeandikwa kama alivyosema mama wa Kongowea, "isinuke", maana mabaki ya nazi yakichacha kwenye uwazi usiofikika harufu yake huwafukuza wateja asubuhi. Kulia tumeandika kwa penseli: mashine ioshwe jioni, ilale imefunikwa, saa kumi na mbili asubuhi anuse yeye.

Tukipata namba tutaandika kwa wino.